Saa ya nani? Kwa mwanafunzi anayeanza mekanika na uhusianifu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza, nasoma fizikia. Muhula huu tuna mekanika, yaani elimu ya mwendo na kani, na wiki za mwisho tutaingia nadharia maalumu ya uhusianifu ya Einstein. Fomula za mekanika nazijua zote, lakini nikipewa swali nisilowahi kuliona nakwama. Halafu nimechungulia mbele kwenye uhusianifu, nikakuta kila msafiri anasema saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa. Wote wawili wanawezaje kuwa sahihi? Na kama Einstein alimsahihisha Newton, mbona bado tunaanza na Newton?"

Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo jepesi. Chukua ndege ya abiria inayokwenda mita 250 kwa sekunde. Kwa upande wa kasi peke yake, hesabu ya Newton na ya Einstein kuhusu saa iliyomo ndani zinatofautiana kwa sehemu kama 3.5 katika trilioni kumi. Ndege hiyo ikiruka mchana kutwa na usiku kucha, saa yake itachelewa nanosekunde 30 hivi, na nanosekunde ni sekunde moja uliyoigawa kwa bilioni. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomi duniani kote ndani ya ndege za abiria, wakapata tofauti za makumi na mamia ya nanosekunde, athari ya mvutano wa dunia nayo ikiwemo. Kwa madaraja, magari na sehemu kubwa ya elimu ya sayari, Newton anatosha. Neptune iligunduliwa mwaka 1846 kwa sababu Urbain Le Verrier alikokotoa kwa kanuni za Newton mahali inapopaswa kuwa, na Johann Galle akaelekeza darubini huko akiwa Berlin, akaikuta usiku wa kwanza tu wa kuitafuta. Nadharia yenye uwezo huo hatuiweki kando.

Ipo sababu nyingine, na kwako ndiyo nzito zaidi. Uhusianifu umejengwa kwa vitu vya mekanika: momentamu (tungamo mara kasi), nishati, uhifadhi, na zaidi ya vyote fremu, yaani mahali ulipoweka vipimo vyako vya umbali na saa zako. Wengi wanaokwama kwa Einstein walikuwa wameshakwama kwa Galileo, kwenye suala hilohilo la fremu, ila mitihani ya mekanika haikuwaumbua.

Sasa kuhusu kukwama kwenye maswali mapya. Nakuamini kwamba fomula unazijua, lakini fomula haianzi kazi mpaka uwe umeamua ni kitu gani hasa unakifuatilia, kani zipi zinakigusa, na nani anayepima. Angalia kani ambayo sakafu au meza husukumia kitu kilichokaa juu yake, ile tunayoiandika N. Mwanafunzi akiona tu kitu kimekaa juu ya kingine, kalamu inajiandikia N = mg. Hakuna sheria ya asili inayosema hivyo. Kwenye mteremko wa pembe θ ni mg cos θ, kwenye lifti inayochapuka (inayoongeza kasi) kwenda juu ni m(g + a), na ukikikandamiza kitu kwa mkono inaongezeka tena. N haina fomula yake yenyewe. Unaipata mwishoni, ukishaandika kani zote na kuzilinganisha na ma.

Sheria ya tatu nayo inawaponza wengi. Kitabu kimetulia mezani: uzito wake na kani ya meza ni sawa kwa ukubwa na zimeelekea pande kinyume, kwa hiyo watu huziita jozi ya kani na kinzani. Siyo. Mwenza wa uzito wa kitabu ni kani ambayo kitabu kinaivutia dunia. Kipimo chake ni rahisi: kani mbili za jozi moja hazikai kamwe kwenye mchoro wa kitu kimoja. Ukiziona zimekaa pamoja, futa.

Ndiyo maana nasisitiza mchoro wa kitu kimoja kimoja, kimetengwa na vingine vyote, na mishale ya kani zinazokigusa chenyewe tu. Ukishaandika milinganyo, beba herufi mpaka mwisho na utie namba ukiwa umemaliza, kwa sababu herufi zinakaguliwa na namba hazikaguliki. Kwa kitu kinachoteleza kwenye mteremko wenye msuguano utapata a = g(sin θ − μ cos θ), μ ikiwa kizidishi cha msuguano. Weka nyuzi 90: inabaki g, kitu kinaanguka huru, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Weka pembe ndogo mno: a inatoka hasi, kana kwamba kitu kilichoachwa bila kusukumwa kitapanda mlima chenyewe. Hesabu hapo inakwambia kwamba hakikuanza kuteleza kabisa, na kwamba uliandika msuguano wa kitu kinachoteleza pasipo kuwa na kuteleza. Mwanafunzi anayekagua majibu yake hivi kwa muhula mmoja hataulizia tena orodha ya fomula.

Kuhusu nani anayepima, vitabu vingi hutoa aya moja, nami ningetoa wiki nzima. Fanya hesabu hii pamoja nami.

Treni inakwenda mita 20 kwa sekunde kwenye reli iliyonyooka. Mtu aliye ndani anarusha mpira wa kilo 1 kuelekea mbele, kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde kadiri yeye anavyoipima. Kwake, mpira ulikuwa umetulia na sasa una jouli 50. Mtu aliyesimama kando ya reli anasema mpira ulikuwa na kasi ya 20 na sasa una 30, hivyo nishati yake ya mwendo imetoka jouli 200 ikafika 450. Ongezeko kwake ni jouli 250. Mkono uliorusha ni mmoja na misuli ni ileile. Hizo jouli 200 za ziada zimetoka wapi?

Usisome mbele kabla hujajaribu. Wengi hujibu kwamba nishati ni jambo la fremu, wakaishia hapo. Ni kweli lakini haijajibu swali, kwa sababu uhifadhi wa nishati lazima ukae sawa ndani ya kila fremu, ya nje ikiwemo. Jibu liko miguuni mwa mrushaji. Ili asirudi nyuma wakati anausukuma mpira mbele, anaikanyaga sakafu ya treni kuelekea nyuma, na treni inapewa momentamu ileile kwa upande wa kinyume: 10, kwa vipimo vya kilo na mita kwa sekunde. Kwa aliye nje, sakafu hiyo inasukumwa nyuma huku yenyewe ikisonga mbele kwa 20, kwa hiyo treni inapoteza 10 × 20, yaani jouli 200. Mpira umepata 250, treni imepoteza 200, inabaki 50. Wapimaji wote wawili wanakubaliana kwamba misuli ilitoa jouli 50. Kasi ya treni inapungua kidogo mno kuonekana, kwa kuwa ni nzito, na ni kwa sababu ya uzito huo watu huisahau kwenye hesabu.

Chukua ukurasa wa daftari, chora safu mbili. Upande mmoja andika yale ambayo wapimaji wawili hawakubaliani: kasi ya mpira, nishati yake, kazi iliyofanywa juu yake. Upande wa pili andika wanayokubaliana: kani, badiliko la momentamu, mchapuko, tungamo, na nishati iliyotoka misulini. Kwenye safu hii ya pili Newton aliweka pia muda kati ya matukio mawili na urefu wa kitu, na kwa zaidi ya miaka 200 karibu hakuna aliyedai ushahidi, kwa sababu ilionekana haiwezi kuwa vinginevyo. Endelea na ukurasa huo muhula mzima. Utauhitaji ukifika kwa Einstein.

Galileo alishaandika mwaka 1632 kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya meli inayokwenda kwa utulivu hana jaribio lolote la kumjulisha kama meli inakwenda au imesimama. Maji yanadondoka wima, wadudu wanaruka kama kawaida. Fremu zote zisizochapuka zina sheria moja. Halafu miaka ya 1860 James Clerk Maxwell akaandika milinganyo ya umeme na sumaku, na ndani yake ikatokeza kasi ya nuru, ile ambayo leo tunaiandika mita 299,792,458 kwa sekunde. Milinganyo haisemi kasi hiyo ni kwa nani. Watu wakadhani kuna kitu kiitwacho etha kilichojaa angani na kasi hiyo inapimwa dhidi yake. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, huko Cleveland, Marekani, wakatafuta athari ya dunia kusafiri ndani ya etha hiyo, na tofauti waliyoitarajia haikuonekana.

Einstein, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, mwaka 1905 alikubali mambo mawili kwa pamoja. Sheria za fizikia ni zilezile katika fremu zote zisizochapuka, na kasi ya nuru ni ileile kwa wapimaji wote. Rudi kwenye ukurasa wako. Kasi ya nuru inahamia safu ya wanayokubaliana, na gharama yake ni kwamba muda na urefu vinahama kwenda safu ya wasiyokubaliana. Kuna kitu cha tatu kinachohama pamoja navyo, nacho ndicho chenye jibu la swali lako: kama matukio mawili ya mahali tofauti yametokea kwa wakati mmoja au la.

Tuchukue namba. Kuna saa mbili, A na B, zimetulia ardhini na zimelinganishwa. Umbali kati yao ni dakika 6 za nuru, yaani nuru huutumia dakika 6 kuupita. Roketi inaipita A ikielekea B kwa 0.6 ya kasi ya nuru, na wakati inaipita, saa ya roketi na saa A zote zinasoma sifuri. Kwa watu wa ardhini, safari inachukua 6 ÷ 0.6, dakika 10. Kizidishi γ (gama), kinachoonyesha saa inayosonga inachelewa mara ngapi, kwa kasi hii ni 1.25, kwa hiyo saa ya roketi inapofika B inasoma 10 ÷ 1.25, dakika 8. Hakuna anayeweza kulikana hilo. Roketi na B ziko mahali pamoja, unaweza kupiga picha moja yenye saa zote mbili: roketi 8, B 10.

Sasa ingia ndani ya roketi. Rubani anasema yeye ametulia na ardhi ndiyo inayopita, kwa hiyo saa za ardhini ndizo zinazochelewa. Katika dakika zake 8, saa B imepiga 8 ÷ 1.25, dakika 6.4 tu. Basi mbona picha inaonyesha 10?

Kwa sababu kwa rubani, saa B haikuanzia sifuri. Fikiria jinsi A na B zilivyolinganishwa: mmweko wa nuru ulitolewa katikati yao, na kila saa ikaanza ilipofikiwa nao. Kwa watu wa ardhini zilifikiwa pamoja. Kwa rubani, B ilikuwa inasogea kuulaki mmweko na A inaukimbia, na kwa kuwa nuru ina kasi ileile pande zote, B ilifikiwa kwanza. Imetangulia. Kiasi ilichotangulia ni vL/c², v ikiwa kasi ya roketi, L umbali wa A na B, na c kasi ya nuru: hapa 0.6 × 6, dakika 3.6. Jumlisha: 3.6 na 6.4 ni 10. Picha imetimia, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja anasema saa ya mwenzake inachelewa, na wanaweza kusema hivyo bila kugongana kwa sababu hawakubaliani juu ya "sasa hivi" ya mahali pa mbali.

Mafumbo karibu yote ya uhusianifu maalumu yanafunguka kwa hatua hii. Mlinganyo wa Lorentz wa muda, unaogeuza wakati wa mpimaji mmoja kuwa wa mwenzake, ni t′ = γ(t − vx/c²). Wanafunzi wanaibeba γ kila mahali, na kile kipande vx/c² wanakiacha mlangoni. Kwa hiyo nakushauri kitu ambacho walimu wengine hawatakipenda: wiki ya kwanza usitumie kabisa fomula fupi za saa kuchelewa na urefu kupungua. Andika kila jambo la swali kama tukio lenye mahali na wakati, kisha lipitishe kwenye milinganyo kamili ya Lorentz. Ni kazi ndefu, lakini utaona mwenyewe kwamba fomula fupi ya saa inafaa tu pale ambapo matukio yote mawili yametokea mahali pamoja kwa mmoja wa wapimaji, kama saa ya roketi iliyokuwepo A na ikawepo B.

Nini basi kimebaki kwenye safu ya wanayokubaliana? Chukua namba zetu: 10 kipeo cha pili toa 6 kipeo cha pili ni 64. Kwa rubani, muda ni 8 na umbali ni sifuri, kwa kuwa kwake A na B zilimjia alipo: 64 vilevile. Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hisabati mjini Zurich, ndiye aliyeiweka tofauti hii katikati ya nadharia mwaka 1908. Muda peke yake unabadilika, umbali peke yake unabadilika, hiyo 64 haibadiliki.

Kama unataka kuona asili yenyewe ikifanya hesabu hii, angalia myuoni. Ni chembe zinazozaliwa angani, kilomita 15 hivi juu yetu, miale ya kosmiki inapogonga hewa. Myuoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, na kwa muda huo hata nuru ingekwenda mita 660 tu. Hata hivyo zinatufikia ardhini kwa wingi. Kwetu sisi, saa zao zinachelewa. Kwao, tabaka la hewa ni jembamba. Huko CERN, maabara ya chembe karibu na Geneva, myuoni zilizungushwa ndani ya duara la sumaku γ yao ikiwa 29.3, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1977 yalionyesha zinaishi mikrosekunde 64 hivi. Zidisha 2.2 kwa 29.3 uone.

Utakutana na vitabu vya zamani vinavyosema tungamo huongezeka kadiri kitu kinavyokwenda kasi. Viache. Tungamo la kitu libaki kwenye safu ya yasiyobadilika, na uhusiano wa kushika ni E² = (pc)² + (mc²)², E ikiwa nishati na p momentamu. Unafaa hata kwa fotoni, chembe ya nuru, ambayo m yake ni sifuri. Pioni isiyo na chaji, chembe yenye nishati ya utulivu ya MeV 135 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), ikiwa imetulia huvunjika ikawa fotoni mbili za MeV 67.5 kila moja, zikielekea pande kinyume. Kila fotoni haina tungamo, lakini zikihesabiwa pamoja zina MeV 135 zilezile. Kwenye uhusianifu, tungamo la mfumo si jumla ya tungamo za vilivyomo. Wengi hupotezea hapo alama za bure.

Tenga pia kupima na kuona. Nilipoandika "kwa rubani, B imetangulia" sikusema anaiona kwa macho ikiwa imetangulia. Nuru ya kutoka B inachukua muda kumfikia, na ucheleweshaji huo ni hesabu nyingine inayokuja juu ya hii. Mwaka 1959 James Terrell na Roger Penrose, kila mmoja kivyake, walionyesha jambo la kufurahisha: tufe linalopita kwa kasi kubwa, ingawa linapimwa limebonyea, kwa macho bado lina umbo la duara. Michoro mingi ya vitabuni inayoonyesha tufe lililobonyea inaonyesha kipimo, haionyeshi picha.

Kwa hisabati usiogope. Mekanika inataka vekta, trigonometria, na kalkulasi uliyoizoea mpaka huifikirii. Mzunguko wa vitu vigumu ndio utakaokula muda wako mwingi, upe nafasi. Uhusianifu wa mwaka wa kwanza unataka aljebra na kipeuo cha pili tu. Ugumu wake uko kwenye sentensi. Tensa ziache mpaka uzihitaji. Na video za watu wakitatua maswali, tazama baada ya kujaribu mwenyewe, vinginevyo unajifunza kutambua jibu la mtu mwingine.

Kazi ya nyumbani, kwa sababu najua swali linalofuata ni la mapacha, mmoja akisafiri na mwenzake akibaki. Roketi yetu ikifika B inageuka ghafla na kurudi A kwa kasi ileile. Zikikutana, A inasoma 20 na roketi 16. Usikubali wakikwambia uhusianifu maalumu haushughulikii mchapuko. Unaushughulikia vizuri, ni mvutano ndio uliosubiri nadharia ya jumla ya mwaka 1915. Chora x na t. Tafuta saa A inasoma ngapi "sasa hivi" wakati roketi iko B, kwanza kwa fremu ya kwenda, kisha kwa fremu ya kurudi. Unapaswa kupata 6.4 na 13.6, na zile dakika 7.2 katikati hazikupotea popote: ni rubani aliyehama fremu. Ukijumlisha muda wa A ukapata 12.8 badala ya 20, kile kipande vx/c² umekiacha tena, rudia kuanzia pale roketi ilipogeuka.